Gegedu la Goti la Mtoto na Umbali wa Bahari: Historia ya Upasuaji Ikitazamwa kutoka Burgao

Mwaka 1743, William Hunter aliieleza Royal Society ya London kwamba gegedu la kiungo likishaharibika halijirudii. Tangu hapo upasuaji wa goti umekuwa jitihada ya kuitangua hukumu hiyo, na historia yake kwa kawaida husimuliwa kwa vyombo na mbinu. Ikitazamwa kutoka Burgao, mji wa Wabajuni ulio zaidi ya kilomita 100 kusini-magharibi mwa Kismayu, kipimo chenye uzito zaidi ni muda.

Masimulizi ya vyombo yanafahamika. Mwaka 1918 Kenji Takagi alichungulia ndani ya goti la maiti mjini Tokyo kwa darubini ya kibofu. Mwaka 1962 mwanafunzi wake, Masaki Watanabe, alitumia darubini ya namna hiyo kukata kipande cha gegedu lililochanika katika goti la kijana wa miaka 17. Mwaka 1994 madaktari wa Gothenburg, Sweden, walitangaza matokeo ya wagonjwa 23 waliopandikizwa seli za gegedu lao wenyewe baada ya kuoteshwa maabara. Mdogo wao alikuwa na miaka 14. Matokeo yalikuwa mazuri zaidi kwenye ncha ya mfupa wa paja kuliko nyuma ya pia ya goti. Mbinu hiyo hudai upasuaji mara mbili, maabara, na miezi ya mazoezi ya viungo.

Hata hivyo, kuna adui wa gegedu la mtoto asiyengoja maabara: usaha. Bakteria wakiingia kwenye kiungo, vimeng'enya huanza kulila gegedu ndani ya siku chache, na bamba la ukuaji lililo karibu laweza kudhurika, mguu ukabaki mfupi au ukapinda. Thomas Smith wa London aliueleza ugonjwa huu kwa watoto wachanga mwaka 1874. Tiba yake ni kukifungua kiungo, kukiosha na kutoa antibiotiki. Haihitaji darubini, yahitaji nusukaputi, maji safi ya dawa na mkono uliofunzwa, mapema.

Mapema ndilo neno gumu Burgao. Mji huo, ambao Waingereza waliuita Port Durnford, ulikuwa upande mmoja wa mpaka na Lamu hadi 1925, Uingereza ilipoikabidhi Italia eneo la Jubaland. Mpaka uliochorwa kwa maslahi ya Ulaya uliukata mwambao wa watu wa lugha moja, na njia ya mgonjwa ikakatika nao. Bahari nayo ina mpaka wake: kaskazi humsukuma nahodha kuelekea Lamu, ilhali kusi humkabili usoni na kuichafua bahari. Goti lililovimba halingoji msimu ugeuke. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Mombasa kwa vyombo vya baharini.

Katika miaka hiyohiyo utaalamu ulikuwa ukikua kusini zaidi. Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliundwa kwa sheria ya 1996, hospitali ya mifupa ya watoto ya Kijabe ikafunguliwa 1998, na mwaka 1999 kikaanzishwa chuo cha madaktari wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Ni mafanikio ya kweli, ila kwa goti lenye usaha Kijabe ni mbali kama Gothenburg.

Tume ya jarida la Lancet ya 2015 ilipendekeza mgonjwa aifikie huduma ya msingi ya upasuaji ndani ya saa mbili, na ikachagua vipimo vitatu: kufungua tumbo, kumzalisha mama kwa upasuaji, na kutibu mvunjiko wa wazi wa mfupa. Kuosha kiungo cha mtoto hakumo, ingawa chumba kinachotosha kwa mvunjiko huo kinatosha pia kwa kazi hiyo.