Namba Iliyo Mgongoni mwa Chipu

Fundi wa Chapwa, pale Tunduma, akiletewa TV gemu ya zamani ya kaseti, jina la kwenye boksi halimwambii prosesa iliyomo. Majina yalikuwa mengi kuliko mitambo. Lazima ashike bisibisi, atoe bodi, asome chipu. Katika mashine nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 atakuta UA6527P.

Asili yake ni Marekani. Mwaka 1974 Chuck Peddle na wenzake waliondoka Motorola, ambako prosesa moja iliuzwa kwa mamia ya dola, wakahamia MOS Technology. Septemba 1975 wakatoa 6502 kwa dola 25.

Nintendo ilipotoa mashine yake ya michezo, Famicom, huko Japani tarehe 15 Julai 1983, kampuni ya Ricoh iliitengenezea chipu ya 2A03: kiini cha 6502 kisichokokotoa kwa desimali, pamoja na mitambo ya sauti. Kasi yake ilikuwa megahezi 1.79.

Kisha kampuni ya UMC ya Taiwan ikatoa nakala ya 2A03, ndiyo UA6527P, na hapa ndipo ninapouona ufundi wenyewe. Televisheni ya Japani huonyesha picha zipatazo 60 kwa sekunde. Mfumo wa PAL, uliotumika Zanzibar tangu 1973 na Bara tangu 1994, huonyesha 50. Kwa Ulaya, Nintendo iliishusha prosesa hadi megahezi 1.66, ikavunja uwiano wa Famicom, ambapo chipu ya picha hupiga hatua tatu kila prosesa inapopiga moja. UMC iliulinda uwiano huo: prosesa ikawa megahezi 1.77, mapumziko kati ya picha na picha yakarefushwa. Mchezo ulipungua mwendo, lakini kaseti za Kijapani zilizotegemea hesabu hiyo hazikuvuruga picha. Herufi P inaonyesha kwamba chipu ilitengenezwa kwa ajili ya PAL.

Mashine za baadaye ni ngumu zaidi kusoma. Prosesa, picha na sauti vimeunganishwa pamoja chini ya tone la gundi nyeusi lisilo na namba. Hapo fundi aichunguze kaseti. Ikiwa ni ya Famicom, yenye pini 60, na mchezo ukawaka, basi chini ya gundi kuna kitu kinachoelewa amri za 6502, kwa sababu kaseti hiyo haikuandikwa kwa amri nyingine.