Ugonjwa wa Kuhara na Dawa Iliyochelewa

Wasikilizaji, maradhi ya kuhara ni ya kale katika nchi yetu, lakini dawa yake iliyo bora imejulikana juzi tu. Leo nataka kuwasimulia jinsi ilivyopatikana, nikianzia Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika Mkoa wa Katavi.

Zamani za misafara, maradhi yalisafiri pamoja na wapagazi. Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Unguja, kikaua maelfu ya watu, kisha kikafuata njia za bara. Livingstone alipata habari zake akiwa Manyema, ng'ambo ya ziwa. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1873 akisumbuliwa na kuhara damu, ijapokuwa alikuwa tabibu.

Mwaka 1889 alifika Karema tabibu Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatiwa utumwani utotoni, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta. Aliwatibu watu wa Karema kwa miaka zaidi ya 60. Alipofika, ilikuwa miaka 5 tu tangu Robert Koch, Mjerumani, alipotangaza kwamba kipindupindu huletwa na vijidudu. Mwaka 1897 Mjapani Kiyoshi Shiga alivumbua vijidudu vya kuhara damu. Lakini kumjua mwizi si kumkamata.

Wazee wetu wengi walimnyima maji mtoto mwenye kuhara, wakidhani maji humzidishia. Wala tusiwacheke, maana hata matabibu wa Ulaya walikuwapo waliodhani hivyo. Kumbe amwuaye mgonjwa ni ukavu: maji na chumvi humtoka upesi kuliko anavyovirudisha. Akinywa chumvi na maji matupu, tumbo lililougua halivipokei vizuri. Vikitiwa sukari kidogo, sukari huvichukua na kuvipitisha mwilini.

Jambo hili lilithibitishwa kwa wagonjwa wa kipindupindu mjini Dhaka mwaka 1968. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi huko India, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha maji hayo watu wengi, na vifo vikashuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hata chini ya 4. Atiman alikuwa amefariki tangu mwaka 1956. Alitibu maisha yake yote, asiione dawa iliyo nyepesi kuliko zote.

Sisi tunayo. Zahanati hutoa pakiti zake. Zikikosekana, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa bila kilima. Mnyweshe mgonjwa kidogo kidogo, na mtoto aendelee kunyonya. Ukiona damu, au choo kama maji ya mchele, au macho yamezama, mpeleke kwa tabibu mara moja. Yeye ndiye ajuaye kama dawa ya kuua vijidudu yafaa.

Njia ya maradhi haijafungwa. Mwaka 2015 kipindupindu kiliwapata wakimbizi wa Burundi huko Kagunga, katika Mkoa wa Kigoma, kando ya ziwa lile lile. Basi tuchimbe vyoo, tuchemshe maji, tunawe mikono kwa sabuni. Na mgonjwa akiomba maji, asinyimwe.