Pumzi ya Moto

Wengi hudhani ya kuwa nguvu za motakaa hutoka katika petroli peke yake. Sivyo. Moto hula vitu viwili, kuni na hewa, nao hutaka vyote viwili kwa kipimo. Wazee wetu walilijua jambo hili kabla motakaa hazijafika nchi hizi.

Wafipa, jirani zetu wa kusini ya Sibwesa, waliyeyusha chuma katika tanuri za udongo zilizopita kimo cha mtu. Tanuri hizo hazikuvukutwa. Zilivuta hewa zenyewe kwa matundu ya chini. Chuma kilichotoka kilikuwa kingali na taka, ndipo wakakitia katika tanuri ndogo, na hiyo ndiyo waliyoivukuta kwa mivukuto. Mwenye kuvukuta hana budi kuyatazama makaa, kwa maana pumzi ikizidi na makaa yakipunguka, chuma huharibika.

Injini nazo zi namna mbili vivyo hivyo. Ziko zinazovuta hewa zenyewe, na ziko zinazovukutwa. Mwaka 1905 Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, aliandikisha wazo la kuutumia moshi wa injini kuzungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo lizungushe jingine la kusukuma hewa ndani. Mvukuto huo ndio uitwao turbo.

Faida yake ilionekana wazi katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 katika njia za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mombasa iko pwani, bali Nairobi iko yapata mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi, imepungua kadiri ya 15 kwa mia. Injini isiyo na mvukuto hudhoofika kwa kukosa pumzi. Na kabureta iliyopimwa pwani hutia petroli kupita kiasi, hata moshi ukawa mweusi. Turbo huirudisha hewa iliyopungua, na kuizidisha. Mwaka 1984 Björn Waldegård wa Uswidi alishinda kwa Toyota Celica, gari la kwanza lenye turbo kuishinda Safari. Gari la namna hiyo lilishinda tena mwaka 1985 na 1986.

Lakini kipimo ni kipi? Kilo 1 ya petroli huteketea sawasawa kwa kilo 14.7 za hewa. Injini yenye turbo ikifanya kazi nzito, mafundi huipa petroli zaidi, hata kilo 1 ipate hewa kilo 12 tu au pungufu kidogo. Petroli ile ya ziada, igeukapo mvuke, huupoza moto. Hewa ikiongezwa bila petroli, joto huzidi, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake, injini hugonga, na pistoni huyeyuka. Dizeli ina sheria nyingine: humo mafuta yakizidi ndiyo yaongezayo joto na moshi mweusi. Basi asipime dizeli kwa kipimo cha petroli.

Jirani yangu mmoja alinunua gari la petroli lenye turbo kwa fedha za mpunga wa miaka mitatu. Kijana mmoja akamwambia, "Mzee, nitalitia nguvu." Akaongeza pumzi, petroli akaiacha vile vile. Siku mbili gari lilikimbia, na watu wakamsifu. Siku ya tatu, lilipokuwa likipanda mlima na mzigo, likagonga, likanyamaza. Injini ilipofunguliwa, pistoni moja ilikuwa imetoboka. Watoto wake wawili walikaa nyumbani muhula ule kwa kukosa ada.

Kijana yule hakuwa mwovu. Alijua kuongeza, ila hakujua kulinganisha. Wavukutaji wa Ufipa hawakuwa na vyombo vya kupimia, bali macho yao hayakutoka katika makaa. Nasi, tukabidhiwapo mali ya mwenzetu, tusiguse pumzi kabla hatujauliza habari za kuni. Mtaka yote hukosa yote.