Kiko kiko wapi? Habari ya babu wa Kibuta na jiwe la Sinya

Najua nimepotea kidogo, na wapo walioanza kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa Kibuta, Kisarawe, kwenye arobaini ya babu yangu mzaa mama, na nimerudi mjini na jambo ambalo limeninyima usingizi.

Wanaoijua Kisarawe wanajua kuwa ukishapita Pugu na kupanda vile vilima, Dar es Salaam unaisahau haraka. Ni mikorosho, miembe, minazi na mihogo. Tulisoma hitima, tukala pilau, kisha wazee wakakaa kugawana vitu vya marehemu. Kanzu mbili, redio, panga, saa iliyokufa siku nyingi. Mwisho ukatolewa mfuko wa kitambaa, na ndani yake kiko.

Ghafla kimya. Mjomba hakukitaka. Mama mkubwa akasema waziwazi: "Kitu hicho ndicho kilichomuua baba. Kichomwe!" Maana babu alikohoa miaka mingi, na sote tuliisikia ile kikohozi usiku. Ndipo mtu mmoja akadakia: "Msikichome, kile ni kiko cha Ulaya, kina thamani."

Kiko cha Ulaya. Ndivyo tulivyoambiwa tangu utotoni. Babu alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja Dar es Salaam, na Mzungu huyo alipofunga mizigo kurudi kwao mwaka 1963 alimwachia kiko chake. Pale kijijini kilikuwa kama nishani. Nikaomba nikiangalie. Nikafuta masizi kwa ncha ya shati, nikageuza ubavuni, nikaona alama ya tembo. Chini yake neno KIKO. Na chini zaidi, kwa herufi ndogo zilizofutika nusu, Tanganyika.

Jamani! Miaka yote hiyo kiko cha Ulaya kilikuwa kimeandikwa Tanganyika.

Niliporudi mjini nikaanza kufukua. Kumbe kiko hicho kina historia ambayo watu wa Marekani na Uingereza wanaijua kuliko sisi. Wako huko watu ambao kiko kwao ni burudani kamili. Wana viko kumi, ishirini, kila kimoja na siku yake, maana kiko kikishavutwa hupumzishwa kikauke. Wanachanganya tumbaku kama bibi anavyochanganya viungo vya pilau: Virginia kwa utamu, Burley kwa uzito, Latakia ya Saiprasi kwa harufu ya moshi. Na kati ya viko wanavyovitafuta kwenye minada, vimo hivi vyenye tembo.

Siri yake ni jiwe. Wajerumani waliliita jiwe hilo kwa neno lenye maana ya "povu la bahari", nasi tuliite merishaumu. Wanasayansi huliita sepiolaiti. Ni jiwe jeupe, jepesi, lenye vitundu vidogo sana. Linanyonya unyevu na mafuta ya tumbaku, hivyo moshi unafika mdomoni ukiwa mkavu na umepoa. Halafu lina tabia moja ya ajabu: kadiri mtu anavyovuta, linabadilika rangi taratibu, kutoka nyeupe kwenda manjano, kisha kahawia. Kwa karne nyingi dunia ililipata zaidi kutoka Eskişehir, Uturuki.

Lakini Uturuki haikuwa peke yake. Katika bonde la Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanganyika, ambako zamani sana kulikuwa na ziwa kubwa, jiwe hilo lilikuwa limelala ardhini. Miaka ya 1950 likaanza kuchimbwa upande wetu, Sinya, ambayo leo imo wilaya ya Longido. Ikaundwa kampuni iliyoitwa Tanganyika Meerschaum Corporation, na viko vikatengenezwa Arusha. Chapa yao wakaiita kwa Kiswahili chetu: Kiko. Jiwe la Amboseli ni zito na gumu zaidi kuliko la Uturuki, na halifai sana kwa nakshi nyembamba. Kwa hiyo viko vingi vya huku vilikuwa vya umbo la kawaida, vingine vikapakwa rangi nyeusi au kahawia, vingine vikavishwa ngozi ya mnyama. Jiwe lenyewe lilisafiri pia. Kampuni ya Peterson ya Dublin ililitumia, na katika kisiwa cha Man kulikuwa na kiwanda pale Laxey kilichochonga viko kwa jiwe hilo hilo la Amboseli.

Sasa tazama mzunguko huu. Jiwe linatoka Sinya. Linachongwa Arusha. Linapewa jina la Kiswahili. Ananunua Mzungu, anamwachia mpishi wake Mzaramo, na mpishi anakwenda nacho kijijini, ambako kwa miaka sitini kinaitwa cha Ulaya! Nani alitudanganya? Hakuna. Tulijidanganya wenyewe, maana tulishazoea kuwa kitu kizuri lazima kiwe kimetoka mbali.

Lakini ngoja, kuna jingine. Hilo neno kiko lenyewe lina umri gani? Nikafungua kitabu cha lugha ya Kiswahili cha Edward Steere, yule ambaye baadaye alikuwa askofu wa Zanzibar. Kilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1870. Anaeleza kiko cha watu wa Pwani wa wakati ule, na si hiki cha kushika mkononi. Juu kuna bori, yaani kikombe cha tumbaku. Kutoka hapo unashuka mwanzi uitwao digali, unaingia kwenye chombo cha maji, na chombo hicho ndicho hasa kiko. Kutoka kwenye maji unatoka mwanzi mwingine, mdakale, unaokwenda mdomoni. Na ule mlio wa maji yakibubujika nao ulikuwa na jina lake: malio ya kiko.

Nikampigia simu bibi Kibuta. "Bibi, digali ni nini?" Akacheka. "We mjukuu wangu, nani kakufundisha hayo?" Digali anaijua, na bori anaijua. Mdakale amesahau. Akaniambia bibi yake yeye alikuwa na kiko cha kifuu cha nazi, na watoto walikuwa wakilala kwa kusikiliza maji yakilia. Kumbe kilevi hiki hakikuwa cha wanaume peke yao, wala hakikuja na yule Mzungu wa babu.

Tumbaku yenyewe kweli ni mgeni. Asili yake ni Marekani ya huko bara la Kusini na Kati, ikavuka bahari baada ya safari za Columbus. Lakini Richard Burton alipopita Uzaramo mwaka 1857 akielekea maziwa makuu, aliikuta imeshakuwa mwenyeji. Ameandika jinsi tumbaku ya Usambara ilivyotwangwa kwenye vinu, ikatengenezwa mikate myembamba ya duara, ikafungwa kwa majani ya mgomba na kupelekwa Zanzibar. Wale jamaa wa minadani wanaolipa pesa nyingi kwa tumbaku iliyogandamizwa kama mkate, Wasambaa waliwatangulia.

Na leo je? Tumbaku bado ni moja ya mazao yetu makuu ya kuuza nje. Urambo iligeukia tumbaku baada ya ule mradi wa karanga wa Waingereza kufa mwaka 1951. Tabora ni tumbaku ya mvuke, Ruvuma ni tumbaku ya moshi. Mkulima anakesha kwenye bani akichochea kuni, miombo inakwisha, na jani linapanda meli. Serikali hiyo hiyo ilitunga sheria ya kudhibiti tumbaku mwaka 2003, na mwaka 2007 ikaridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani. Mkono mmoja unalima, mwingine unakataza.

Sitaki mtu aseme nimeandika kumsifia moshi. Kiko si salama kwa sababu tu ni cha taratibu na kina harufu nzuri. Kinaleta saratani ya mdomo, ya koo na ya mapafu kama sigara. Mama mkubwa hakukosea. Kile kikohozi mimi pia nilikisikia.

Ila nilipokiangalia tena kiko chenyewe, niliona jambo ambalo moto ungelifuta. Juu, kwenye ukingo, jiwe bado ni jeupe. Chini, babu alipokishika jioni baada ya jioni, limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Miaka sitini ya mtu ambaye hakuacha hata barua moja imeandikwa pale, na kwa bei aliyoilipa mwenyewe.

Bibi ndiye aliyekata shauri. Alinikabidhi kwa sharti moja: "Kichukue, lakini mdomoni kisiingie." Nimekubali. Kiko kwenye kabati, pembeni ya vitabu, na nimebandika karatasi: Sinya, Arusha, Dar es Salaam, Kibuta.

Nawe msomaji, ukienda kwenu, hebu kigeuze kile kitu mnachokiita cha Ulaya. Usome kimeandikwa nini chini yake. Na kama una mzee aliyewahi kuchimba Sinya au kuchonga viko pale Arusha, muulize leo. Usingoje arobaini.