Umeme wa Chupa na Umeme wa Wingu

Kabla Malkia Elizabeth II hajafungua bwawa la Owen Falls, Jinja, mwaka 1954, neno umeme lilikwishakuwapo: mwako wa radi. Je, tulikosea kuviita vyote viwili jina moja? La. Mwaka 1746, mjini Leiden, Pieter van Musschenbroek alikusanya umeme wa msuguano katika chupa. Chupa hiyo ndiyo babu wa kapasita: metali mbili, kioo katikati, chaji chanya huku, hasi kule, zikivutana bila kukutana. Mwaka 1752 majaribio ya Ufaransa yalithibitisha kuwa radi ni umeme uo huo. Basi mwalimu wa Mbale, wingu litandapo juu ya Mlima Elgon, aeleze: wingu na ardhi ni metali zile, hewa ni kioo, kikishindwa, radi hupiga. Asemaye Kiswahili hakifai kwa sayansi, na alitafakari neno hili.