Kiima na kiarifu: Nguzo mbili za sentensi ya Kiingereza

Sentensi kamili ya Kiingereza husimama juu ya nguzo mbili: kiima, yaani kinachozungumziwa, na kiarifu, yaani taarifa itolewayo kukihusu. Kiarifu hakikosi kitenzi. Katika sentensi "The old fisherman sells octopus in Lamu", maneno matatu ya kwanza ndiyo kiima. Yaliyosalia ni kiarifu.

Mzungumzaji wa Kiswahili hukabiliwa na mitego miwili. Katika Kiswahili, kiambishi cha kitenzi huweza kuwakilisha kiima, hivyo neno moja tu, "Inanyesha", ni sentensi kamili. Kiingereza hakiruhusu hilo. Anayeandika "Is raining" ameacha pengo. Sharti aandike "It is raining", ingawa "it" hapo halirejelei kitu chochote.

Mtego wa pili ni kinyume cha wa kwanza. Kwa kuwa "Baba amefika" ina nomino pamoja na kiambishi "a-", baadhi ya wanafunzi huandika "My father he has arrived". Kiima kimetajwa mara mbili. "He" lapaswa kuondolewa.

Hata hivyo, amri kama vile "Sit down" ni sentensi kamili, kwani anayeamriwa anafahamika bila kutajwa.

Kabla ya kuweka nukta, mwanafunzi ajiulize: Ni nani au ni nini kinachozungumziwa? Kinasemwa nini kukihusu? Jibu mojawapo likikosekana, sentensi hiyo bado ni kipande tu, na mtahini hatasita kuikata alama.