Kaunta juu ya mashine ya kufulia: ilianzia wapi?

Bi harusi wengi siku hizi wanaanzia jiko dogo, mashine ya kufulia ikikaa chini ya kaunta. Mpango huu una historia yake.

Mwaka 1926, mjini Frankfurt, Ujerumani, mbunifu wa majengo Margarete Schütte-Lihotzky alichora jiko la mita 1.9 kwa 3.4. Alihesabu hatua za mpishi ili ampunguzie safari. Yalijengwa majiko kama 10,000.

Mashine ya kufua yenyewe ya Bendix ilitoka Marekani mwaka 1937, lakini ilitikisika hata ikabidi ifungwe sakafuni kwa boliti. Baadaye zilitulia, na Ulaya zikazoeleka zenye kimo cha sentimita 85 na upana wa 60, ziingie chini ya kaunta ya kama 90.

Mtikisiko bado upo. Kaunta ibebwe na ukuta na miguu yake, isilalie mashine.

Bibi Aisha (r.a.) alisimulia kuwa Mtume (s.a.w.) akiwahudumia watu wa nyumbani kwake. Kumpunguzia mke mzigo si anasa. Basi pimeni pamoja na mumeo, kabla fundi hajakata ubao.